Mtindi wa kujipimia, na uzito wa kikombe kitupu



Wiki hii tumeyaacha kando mabiriani na nyama za kuchoma, ambayo ndiyo mazoea ya safu hii, tukaelekea kwenye jambo dogo zaidi, baridi zaidi, na kama tulivyokuja kuona, lenye mafunzo zaidi. Kwa muda sasa wasomaji wetu, wengi wao akina mama, wametuomba tuyatembelee yale maduka ya mtindi wa barafu ambamo mteja hujikingia mwenyewe kutoka kwenye mashine, akajipambia, kisha akalipia kwa uzito. Watoto huyaona wanapopita kwenye majengo makubwa ya maduka, nao wazazi huulizana maswali matatu: Je, vitu vile ni halali? Je, vina afya kuliko askrimu? Na je, fedha inayotoka inalingana na kinachoingia kinywani?

Tumekwenda mara mbili katika duka moja la jijini Dar es Salaam, na tunayajibu maswali hayo matatu hapa. Lakini lilizuka swali la nne ambalo hakuna aliyetuuliza, nalo ndilo lililotukosesha usingizi usiku ule. Jina la duka hatulitaji, kwa kuwa kasoro tuliyoikuta ilirekebishwa mbele ya macho yetu, na kwa kuwa tuliyojifunza yatamfaa mzazi popote atakapoingia katika duka la aina hiyo.

Sababu ya safari

Mwanetu wa kiume mwenye umri wa miaka 9 alikuwa amekamilisha kuhifadhi Juzuu Amma, alhamdulillah, na ahadi ilikuwa imeshatolewa. Tuliondoka siku ya Jumamosi baada ya swala ya Alasiri tukiwa watu saba: sisi wawili wenye safu hii, mama yetu ambaye watoto humwita Bibi, binti yetu wa miaka 12, huyo hafidhi wetu mdogo, kitinda mimba wa miaka 5, na mtoto wa marehemu ndugu yetu, mwenye miaka 10, ambaye tunaishi naye tangu baba yake aliporejea kwa Mola wake miezi mitano iliyopita. Tulikuwa tumetenga shilingi 55,000, na tulikuwa tumekubaliana kuwa haitaongezwa hata senti.

Duka lilivyo

Ukiingia unapokewa na ubaridi wa kiyoyozi na ukuta mzima wa mashine, kila mashine ikiwa na vishikio viwili au vitatu, na juu ya kila kishikio jina la ladha: mtindi mtupu, embe, stroberi, chokoleti, vanila, nazi. Unachukua kikombe cha karatasi, unakiweka chini ya mdomo wa mashine, unavuta kishikio, na mtindi unashuka ukijikunja kama kamba ya ukili. Mbele yake ipo meza ndefu ya vinogesho: matunda yaliyokatwa, korosho, lozi, biskuti zilizovunjwa, peremende za kila rangi, na mwisho wa meza chupa za asali na rojo la chokoleti. Baada ya hapo unafika kwenye mizani. Bei ni moja kwa vyote, shilingi 4,500 kwa kila gramu 100, uwe umechukua mtindi, tikiti au lozi.

Biashara hii asili yake ni Marekani. Kampuni ya TCBY ilianza kuuza mtindi wa barafu mjini Little Rock, Arkansas, mwaka 1981, wakati ambapo wahudumu ndio waliomkingia mteja. Mtindo wa mteja kujikingia ulivuma baadaye, hususan California, ambako Yogurtland ilifungua milango yake mjini Fullerton mwaka 2006. Faida yake kwa mwenye duka iko wazi: wahudumu hupungua, na mteja anayejikingia mwenyewe huchukua zaidi ya kile ambacho angekiagiza kwa mdomo. Ndiyo maana katika maduka mengi ya namna hii vikombe ni vikubwa. Katika duka letu kulikuwa na saizi mbili, lakini kile kidogo kilikuwa kimepangwa nyuma ya kikubwa, na hatukukiona mpaka tulipokwenda mara ya pili.

Kuna jambo moja la haki katika kuuza kwa uzito, nasi tunapenda kulisema. Mashine hizi huuvuruga mchanganyiko huku zikiugandisha, na katika kuuvuruga huutia hewa, ndipo ukawa mlaini. Anayenunua kwa ujazo wa kikombe hulipia hewa hiyo, ilhali anayelipia kwa uzito hailipii. Kwa upande mwingine, bei moja kwa vitu vyote humwumiza asiyehesabu. Vipande vya tikiti vyenye gramu 50 vitamgharimu shilingi 2,250, na tikiti takriban lote ni maji. Korosho na lozi ndizo ambazo bei yake sokoni haiachani sana na ya hapo. Kwa hiyo ushauri wetu wa mfukoni ni huu: matunda mazito kayaleni nyumbani, na hapo nyunyizeni korosho.

Uhalali: tazameni meza, si mashine tu

Wengi wetu tunapoona neno mtindi tunatulia, kwa kuwa mtindi ni maziwa, na maziwa ni neema inayojulikana. Lakini mchanganyiko wa kiwandani una vitu vingine ndani yake. Baadhi ya watengenezaji huutia jelatini ili uwe mzito na usitoe maji. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na katika viwanda vingi vya nje mnyama huyo ni nguruwe, ingawa ipo ya ng'ombe na ipo ya samaki. Jelatini hiyo hiyo ndiyo inayozifanya zile peremende laini nyeupe ziitwazo mashimelo zivutike, pamoja na zile jeli zenye umbo la dubu ambazo watoto huzikimbilia kwanza. Rangi nyekundu iliyoandikwa E120 hutokana na wadudu. Ladha ya vanila nayo mara nyingi hukamuliwa kwa kutumia kileo.

Wanazuoni wamezungumza kuhusu kila kimoja katika hivi, na kauli zao hazikuwa moja. Safu hii si mahali pa kutoa fatwa, hivyo mwenye shaka amwendee sheikh wake. Kilicho katika uwezo wetu ni kuuliza. Tulimwuliza binti aliyekuwa akifuta meza, naye alijibu kwa uungwana, “Sijui, lakini nitamwita anayejua.” Jibu hilo lilitupendeza kuliko yule anayesema ndiyo kwa kila swali. Msimamizi alikuja na pakiti ya mchanganyiko wa mtindi, akatuonyesha lebo: kizuizi cha maji kilichotumika kilikuwa cha mimea, na palikuwa na alama ya halali. Tulipouliza kuhusu mashimelo na jeli, alileta mifuko yake. Mmoja uliandikwa jelatini ya ng'ombe, ukiwa na alama ya halali. Mwingine uliandikwa jelatini tu, bila kutaja mnyama. Tuliwaambia watoto wauache ule wa pili na yote yaliyowekwa karibu nao, kwa kuwa kijiko kimoja kilikuwa kikitumika katika bakuli zote mbili. Kitinda mimba alilia kidogo, kisha akaziona korosho akanyamaza.

Mizani

“Haya, jichukulieni mnachopenda,” tuliwaambia watoto, na tulikuwa na furaha ya wazazi wanaotimiza ahadi. Tuliwaacha wakazunguka. Bibi alikataa kuchukua, akasema meno yake na barafu hawajapatana tangu enzi za ukoloni. Sisi wawili tulishirikiana kikombe kimoja. Vikombe vitano vikapangwa kwenye mizani, kimoja baada ya kingine: cha binti yetu gramu 240, cha hafidhi gramu 510, cha kitinda mimba gramu 185, chetu gramu 195, na cha mtoto wa ndugu yetu gramu 70. Jumla ikawa gramu 1,200, na fedha shilingi 54,000. Tulilipa, tukarudishiwa shilingi 1,000.

Binti yetu ndiye aliyeuliza. Hakuwa na ubishi katika sauti yake. “Samahani dada,” alimwambia mpokea fedha, “kikombe chenyewe kina gramu ngapi?”

Yule dada alikitwaa kikombe kitupu akakiweka juu ya mizani. Ikasoma 20. Wote wawili wakaitazama namba ile. Mizani ilikuwa ikianzia sifuri bila kikombe, maana yake kila mteja alikuwa akinunua karatasi ya gramu 20 kwa bei ya mtindi, yaani shilingi 900.

Hapo ndipo hafidhi wetu, ambaye hajui kunong'ona, aliposema kwa sauti iliyofika mlangoni, “Si ndiyo ile sura yangu? Al-Mutaffifin!” Watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Sisi tulimnyamazisha, na hata sasa hatujui kama tulifanya vema kumnyamazisha. Ni kweli kwamba sura hiyo, ya 83 katika Qur'ani Tukufu, imepewa jina la wale wanaopunja vipimo, nayo imo ndani ya juzuu aliyoihifadhi. Mtoto alikuwa ameisoma mwezi mmoja uliopita akiwa juu ya mkeka wa madrasa, na leo ameikuta dukani. Tulichomwambia baadaye ni kwamba kupunja ni jambo moja na kukosea ni jambo jingine, na mwenye haki ya kuliita kosa la mwenzake dhulma ni yule aliyekwisha kuuliza na kusikiliza jibu.

Tuliuliza. Msimamizi aliitwa tena, akatazama, akakunja uso, akaeleza kwamba mizani ilikuwa imezimwa na kuwashwa asubuhi, na kwamba kila inapowashwa ni lazima kikombe kitupu kiwekwe juu yake na kitufe cha kurudisha sifuri kibonyezwe. Hilo halikufanywa. Alilifanya papo hapo. Vikombe vitano kwa gramu 20 ni gramu 100, akaturudishia shilingi 4,500 na kutuomba radhi. Tulimwuliza, “Na waliotutangulia tangu asubuhi?” Hakuwa na jibu, na alikuwa mkweli wa kutosha kutolibuni.

Ndugu msomaji, mizani yoyote ya biashara nchini hutakiwa kukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika yake, na hii ilikuwa nayo. Stika huthibitisha kwamba mizani inasema kweli, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba aliyesimama nyuma yake ameondoa uzito wa chombo. Hilo ni jukumu la muuzaji, na kulitazama ni haki ya mnunuzi. Njia ni nyepesi: kabla hujaweka kikombe chako, itazame mizani ikiwa tupu. Iwapo kikombe kimeondolewa katika hesabu, itaonyesha namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Iwapo inaonyesha sifuri, omba kwa adabu kikombe kitupu kipimwe.

Kikombe kidogo

Tulikaa mezani tukiwa tumeridhika na nafsi zetu. Haki ilikuwa imepatikana bila ugomvi. Bibi ndiye aliyekuwa akitazama kitu kingine.

Kikombe cha mtoto wa ndugu yetu kilikuwa na gramu 70, na sasa tulijua kwamba 20 kati ya hizo zilikuwa karatasi. Alikuwa amejikingia gramu 50 za mtindi mtupu, bila embe, bila korosho, bila chochote juu yake. Mbele yake ameketi mwenzake na gramu zake 490, amezipamba kwa kila rangi iliyokuwapo, naye ameshaanza kuchoka kabla ya nusu.

“Mbona kidogo, baba?” tulimwuliza.

“Inatosha, Ami. Nilishiba mchana.”

Hakuwa ameshiba mchana. Sote tulikuwa tumekula chakula kimoja katika sinia moja. Baadaye binti yetu alituambia kwamba walipokuwa wakizunguka kwenye mashine, binamu yake alikuwa amemwuliza 45 mara 50 ni ngapi. Alikuwa ameisoma bei ukutani, akaigawa kwa gramu, akajipimia kiasi ambacho alidhani hakitamlemea mtu.

Bibi hakusema neno. Alizikunja zile shilingi 4,500 zilizorudishwa pamoja na ile 1,000, akatuambia, “Hizi ni zangu mimi, sijachukua kitu.” Kisha akamgeukia mjukuu wake. “Njoo unisaidie. Mkono wangu hauna nguvu za kukivuta kile kishikio. Na mimi sijui ladha za kisasa, unichagulie wewe.” Wakaondoka, mmoja amemshika mwenzake mkono, na tukawaona wakisimama muda mrefu mbele ya mashine ya embe. Alimchagulia embe na nazi, na korosho juu yake, akimwuliza kila hatua, “Hiki unakipenda, Bibi?” Naye Bibi akijibu kila mara, “Wewe ungependa nini?” Mizani ikasoma gramu 120 bila kikombe, shilingi 5,400. Tukabaki na shilingi 100.

Waliporudi, Bibi alionja ncha ya kijiko, akashika shavu, akasema, “Ah, meno yangu! Basi nisaidie tena, usiache israfu.” Mtoto akala. Alikula chote, na akafuta ukingo wa kikombe kwa kijiko.

Usiku ule, watoto walipolala, tulikaa sisi wawili tukalirejea neno letu: jichukulieni mnachopenda. Tulikuwa tumedhani kwamba tumewafanyia sawa wote wanne, kwa kuwa wote tumewapa ruhusa moja. Kumbe ruhusa ile haikuwa kitu kimoja kwa kila mmoja wao. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba anapoambiwa achukue apendacho, husikia kwamba vyote ni vyake. Mtoto aliyekuja katika nyumba anapoambiwa neno hilo hilo, husikia kwamba anatazamwa atachukua kiasi gani. Neno yatima hatulitumii nyumbani kwetu, na tulidhani kutolitumia kunatosha.

Na tuliiona pia hesabu ya mizani kwa jicho jingine. Gramu 20 za karatasi katika kikombe cha gramu 510 ni kitu kisichofika sehemu moja ya ishirini na tano. Gramu 20 hizo hizo katika kikombe cha gramu 70 ni zaidi ya robo. Kosa lilikuwa moja kwa wateja wote, lakini aliyechukua kidogo kwa kuona haya ndiye aliyelipia karatasi kuliko wote. Hivyo ndivyo kasoro ndogo za vipimo zinavyokwenda, katika maduka ya mtindi na katika maduka ya unga: mwenye kununua robo kilo ndiye anayeumia.

Kuhusu afya

Mtindi una vijidudu vyema, na viwili vinavyotumika kuugandisha maziwa ni Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus. Baridi ya mashine huvilaza wengi wao bila kuwaua, isipokuwa pale ambapo kiwanda kimeuchemsha mchanganyiko baada ya kuuchachusha. Hivyo mtindi wa barafu waweza kuwa na kheri hiyo, na mara nyingi mafuta yake ni machache kuliko ya askrimu. Ila sukari ni habari nyingine. Lebo tuliyoonyeshwa ilisema gramu 20 za sukari katika kila gramu 100, sehemu yake ikiwa ni sukari ya asili ya maziwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 25, vijiko sita vya chai. Kikombe cha gramu 490 kinaupita mpaka huo kwa mbali hata kabla ya kuhesabu peremende. Kwa hiyo kihesabuni mtindi huu kuwa kitamutamu cha siku maalumu, msiuhesabu kuwa chakula.

Anayetaka kuutengeneza nyumbani, njia ni hii. Chemsheni maziwa lita 1, yaacheni yapoe mpaka kidole kivumilie joto lake, changanyeni na vijiko viwili vya mtindi mtupu ulio mzuri, yafunikeni usiku kucha mahali penye vuguvugu. Asubuhi uchujeni mtindi huo kwa kitambaa safi kwa muda wa saa tatu, maana maji yakipungua ndipo barafu ngumu nayo inapopungua. Usagieni embe bivu moja kubwa na asali kidogo, changanyeni, wekeni kwenye jokofu la kugandisha, na koroga kila baada ya dakika 40 mpaka ukaze. Hautakuwa mlaini kama wa mashine, lakini kila kilichomo mtakijua.

Ziara ya pili

Baada ya wiki mbili tulirudi bila taarifa. Jambo la kwanza tulilolitazama lilikuwa mizani: ilikuwa tupu, nayo ikionyesha gramu 20 zenye alama ya kutoa. Juu ya kioo palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ikisema kwamba uzito wa kikombe hauhesabiwi na kwamba mteja anaruhusiwa kuomba kupimiwa kikombe kitupu. Jeli zisizotaja mnyama zilikuwa bado mezani, ingawa sasa zilikuwa na kijiko chake peke yake. Vikombe vidogo tulivikuta nyuma, tukavichukua.

Na sisi pia tulikuwa tumebadilisha desturi yetu. Kabla ya kutoka nyumbani tuliwaambia watoto wote wanne kwamba kila mmoja ana gramu 200, asizidishe wala asipunguze, na anayepunguza atarudishwa mashineni. Hafidhi alinung'unika. Binamu yake alikuwa na sura ya mtu aliyepewa kazi anayoiweza. Cha kwanza kilichopimwa kilikuwa chake: gramu 162. “Hujatimiza,” alimwambia hafidhi wetu kwa ukali wa karani, “rudi ukajaze.” Akarudi, akavuta kishikio kwa uangalifu mkubwa, akaja na gramu 204. Sote tukaisamehe ile minne.

Alama zetu, kila jambo kwa 10

Usafi: 9. Mashine na sakafu vilikuwa vikifutwa muda wote, na wahudumu walivaa glavu.

Uhalali: 6. Mtindi uko wazi kwa lebo yake, na wahudumu wanaulizika. Alama zimepungua kwa ajili ya peremende zisizojulikana asili yake.

Mizani: 7. Ingekuwa 3 kwa ziara ya kwanza. Tumepandisha kwa ajili ya kurekebisha, kurudisha fedha na kuandika tangazo, lakini hatukusahau waliotutangulia asubuhi ile.

Bei: 5. Familia ya watu sita au saba isiyojiwekea kiwango itatoka imeshangaa.

Ladha: 8. Mtindi mtupu na embe ni nzuri sana. Chokoleti ni sukari tu.

Nafasi ya familia: 8. Meza ni pana, muziki uko chini, na chumba cha kuswalia kipo ghorofa ya chini ya jengo.

Jumla ni 43 kati ya 60. Nendeni mkiwa na sababu ya kwenda, chukueni kikombe kidogo, itazameni mizani ikiwa tupu, na mtangulie kumwambia kila mtoto kiasi chake kabla hamjaufikia mlango.

Wiki ijayo, inshaAllah, tutakuwa katika mgahawa wa samaki ambao wasomaji wetu watatu wameusifu na mmoja ameulalamikia. Tunamwomba Allah awarehemu waliotutangulia, na atujaalie uaminifu katika watoto waliotuachia. Wabillaahi tawfiiq.